Alama za Mali katika Nchi ya Shaba

Miaka michache iliyopita baiskeli ya misioni yetu iliibiwa. Tulikuwa tumeiegemeza ukutani mwa kapela ya kijiji, tukaingia kufundisha katekisimu. Tulipotoka hatukuona kitu ila alama ya magurudumu mavumbini. Baada ya majuma matatu mwenzetu mmoja aliiona sokoni, imepakwa rangi nyekundu. Tuliitambua mara moja, maana kiti chake tulikuwa tumekishona wenyewe kwa uzi wa nailoni. Tukamwita polisi. Naye alituuliza neno moja tu: "Namba yake?"

Kila baiskeli itokayo kiwandani ina namba iliyopigwa katika chuma, chini ya kiti au pale penye pedali. Namba ya baiskeli yetu ilikuwapo bado, rangi nyekundu haikuifuta. Lakini tulipofungua buku la vitu vya misioni tulikuta maneno mawili tu: "Baiskeli, moja." Namba hakuna. Polisi akakuna kichwa, mwuzaji akaapa kwa jina la mama yake, na baiskeli ikaenda zake. Padri hakutugombeza sana. Alituambia tu kwamba kapela ya kijiji haiko mbali kwa mtu mwenye miguu mizuri.

Tangu siku ile tumependa kuchunguza habari ya alama na namba zitiwazo katika mali, na hasa katika nchi yetu hii ya Katanga. Maana mali itokayo hapa ardhini ni nyingi kupita kiasi, nayo ina shida ambayo baiskeli haina. Baiskeli yaweza kubeba namba yake mwilini. Shaba je? Shaba ikiyeyushwa yasahau yote yaliyoandikwa juu yake. Na mawe ya bati yakisha kutwangwa yafanana yote, yakiwa yametoka Manono au yametoka Kivu. Basi watu walifanyaje, tangu zamani hata leo, ili ijulikane mali hii ni ya nani, imetoka wapi, na imepotelea wapi?

Baba zetu waliyeyusha shaba katika vilima vya nchi hii karne nyingi kabla ya Wazungu. Waliimimina katika kalibu, ikatoka kwa sura ya msalaba. Nao msalaba ule haukuwa na maana ya dini yetu, ilikuwa ndiyo desturi yao ya kutengeneza shaba. Mwaka 1957 na mwaka 1958 wataalamu walifukua makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta misalaba ya namna hiyo pamoja na mifupa ya wafu. Waliochunguza mambo hayo baadaye wasema kwamba kadiri karne zilivyopita misalaba ile ilizidi kuwa midogo na ya kipimo kimoja, hata ikafaa kuwa fedha. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyefika Katanga mwaka 1910 na kuwa askofu hapa miaka mingi, alichapa maandishi juu ya mafundi hao mwaka 1926, akawataja kwa jina la "walaji wa shaba".

Sura na uzito wa msalaba vilimwambia mwenye kununua kama shaba ni ya kufaa. Lakini havikumwambia ni ya nani. Msalaba ukiisha kutoka mkononi mwako ulikuwa wa yule aliyeushika, kama vile noti ya franka ilivyo leo. Mtu atatuambia: noti ina namba! Ni kweli, ina namba. Lakini ni nani kati yetu aziandikaye namba za noti zake kabla ya kwenda sokoni?

Katika nchi nyingine mafundi wa dhahabu na fedha walipata akili mapema. Msomaji aliye mhudumu wa altare, akipewa ruhusa na padri, na atazame chini ya mguu wa kalisi ya fedha ya zamani. Mara nyingi ataona vialama vidogo vilivyopigwa humo kwa nyundo. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1300 iliamuru fedha safi ipigwe kichwa cha chui. Haikutosha, kwa sababu kichwa cha chui hakikuonyesha ni nani aliyekubali fedha mbaya ipite. Basi mwaka 1478 mafundi wa London wakaongeza herufi moja iliyobadilika kila mwaka. Kikitokea chombo chenye fedha iliyochanganywa, walisoma herufi, wakafungua buku, wakajua ni mkaguzi yupi aliyekuwa kazini mwaka ule. Twaomba msomaji aliangalie sana jambo hili, maana tutalirudia: herufi ile haikuwekwa kwa ajili ya mwizi peke yake, bali kwa ajili ya yule mwenye kushika nyundo.

Turudi kwetu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 gari la moshi kutoka Rhodesia lilifika Elisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 waitwa Lubumbashi, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ilimiminwa katika tanuru kando ya mto wetu. Wazee wengi wa parokia zetu ni watoto au wajukuu wa watu waliofanya kazi chini ya lile bomba refu la moshi. Hapo ndipo shaba ya Katanga ilipoingia katika ulimwengu wa maandishi. Shaba ilipimwa, ikapakiwa katika behewa lenye namba, na karatasi ikaandikwa: uzito gani, behewa gani, siku gani, inakwenda bandari gani. Kwanza ilipita njia ya Beira, na tangu mwaka 1931 ikapata pia njia ya Benguela mpaka bahari ya Lobito. Tani zilizoandikwa Katanga zilipaswa kuwa ndizo tani zilizopimwa bandarini. Zikipungua, waliulizwa watu wa njiani.

Hata leo soko kubwa la madini la London, lililoanzishwa mwaka 1877, halipokei shaba isiyo na chapa iliyoandikishwa. Shaba huwekwa huko kwa mafungu ya tani 25, na hati ya kila fungu yaonyesha chapa, uzito, na ghala ilimo. Mwenye hati ndiye mwenye shaba, ingawa hajaiona kwa macho wala hajui Katanga iko upande gani wa dunia.

Wakati ule ule wa wakoloni watu nao walitiwa namba. Katika Kenya, baada ya vita ya kwanza ya dunia, mwanamume Mwafrika alilazimika kuchukua kipande chake, kikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, ili akitoroka kazini apate kufuatwa. Yaani mtu alitafutwa kama mfuko uliopotea. Twalitaja jambo hili kwa ufupi tu, maana si kiini cha maneno yetu. Lakini wazee wakichukia namba, tusiwacheke.

Na kuna kisa kimoja cha Katanga ambacho vijana wetu hawakijui vya kutosha. Mwaka 1940, Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alituma zaidi ya tani 1,000 za mawe ya uranio kutoka Shinkolobwe mpaka Staten Island, karibu na New York, Wazungu wa Ujerumani wasije wakayapata. Mapipa yalikaa ghalani pale muda wa miaka miwili hivi, jina la Congo ya Wabelgiji likiwa limeandikwa juu yake. Mtu yeyote aliyepita angeweza kulisoma jina, asielewe chochote. Mwezi Septemba mwaka 1942 Kanali Kenneth Nichols alikwenda kwa Sengier kuyanunua, na yaliyofuata Hiroshima mwaka 1945 dunia yote yayajua. Mapipa hayakuibiwa wala kupotea, kwa sababu mtu mmoja alijua yako wapi na ndani yake mna nini.

Kisha ukaja wakati wa shida. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni mpya ikaja kuitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Katika miaka ya 1990 ilishuka hata chini ya tani 50,000. Wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara, mashine zilikufa, mgodi wa Kamoto ulikuwa umekwisha kuporomoka mwaka 1990. Watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wakumbuka biashara ya mitraye, yaani vyuma chakavu. Waya za umeme zilikatwa usiku, vyombo vya shaba vilitolewa viwandani kipande kipande. Namba zilikuwamo katika vyombo vile, na majina ya viwanda pia. Lakini moto wa kalibu ndogo ya uani ulitosha kuzimaliza. Asubuhi palikuwa na tofali la shaba lisilo na baba wala mama. Hatuandiki haya ili kuwahukumu baba za watoto waliokuwa na njaa. Twaeleza tu jinsi alama iliyopigwa katika shaba isivyoweza kushindana na moto.

Sasa twafika kwenye mifuko ya bati na koltani, ambayo ndiyo hasa iliyotufanya tushike kalamu.

Tarehe 21 Julai 2010, Rais Barack Obama wa Marekani alitia saini sheria ndefu ya mambo ya fedha iitwayo Dodd-Frank. Ndani yake mna fungu la 1502, linalohusu Congo na majirani zake. Kampuni zilizoandikishwa katika masoko ya hisa ya Marekani zilitakiwa kueleza kama bati, tantalu, wolframu na dhahabu wanazotumia zilitoka huku kwetu, na kama zilikuwa zimewapa fedha watu wenye bunduki. Mwezi Septemba mwaka ule ule Rais Joseph Kabila akasimamisha kazi ya wachimbaji wadogo katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, mpaka Machi 2011. Katanga haikuguswa na amri ile. Lakini tangu Aprili 2011 wanunuzi wengi wakubwa walikataa mawe yasiyo na ushahidi wa mahali yalipotoka. Mchimbaji wa Malemba-Nkulu hakuwa amefanya kosa lolote, hata hivyo jembe lake lilikuwa limekosa bei kwa sababu ya sheria iliyoandikwa Washington. Mtu akiuliza sababu ya karo za shule kutolipwa katika vijiji vya machimbo miaka ile, sehemu ya jibu ni hiyo.

Njia iliyofunguliwa ilikuwa ya namba. Chama cha wenye viwanda vya bati, kilicho Uingereza, pamoja na chama cha wenye tantalu, kilicho Ubelgiji, walitengeneza mpango uitwao ITSCI. Ulijaribiwa Kivu mwaka 2010, ukakatizwa na ile amri ya kusimamisha kazi. Basi katika Congo ni Katanga iliyotangulia kuutumia kwa kuendelea, mwaka 2011. Huko Kisengo, katika wilaya ya Nyunzu, kampuni za Motorola Solutions na AVX zilianza mwaka ule ule kununua koltani iliyofuatwa hatua kwa hatua kutoka shimoni.

Kazi yake ni hii. Mchimbaji ajaza mfuko. Mtumishi wa idara ya serikali, ambayo zamani iliitwa SAESSCAM na tangu mwaka 2017 yaitwa SAEMAPE, aupima mfuko, aufunga kwa kifungo cha plastiki chenye namba isiyo na pacha duniani, kisha aandika katika buku: namba, uzito, siku, na jina la mgodi. Watu wa machimboni wakiita kifungo hicho etiketi. Mfanya biashara aupeleka mfuko katika ghala yake mjini. Pale mawe yaoshwa na kuchanganywa, nayo yatiwa katika mifuko mipya. Basi mtumishi mwingine wa serikali afunga etiketi ya pili, naye aandika ni namba zipi za kwanza zilizoingia ndani ya namba hii ya pili. Habari zote zapelekwa kutiwa katika kompyuta.

Etiketi nyingi zina pia mistari myeusi, minene na myembamba, isomwayo na mashine kwa mwanga. Mistari hiyo ilibuniwa Marekani na Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, waliopata hati ya ubunifu wao mwaka 1952. Woodland alisimulia kwamba wazo lilimjia alipokuwa ameketi ufukoni Miami, akachora mchangani kwa vidole vyake. Bidhaa ya kwanza kusomwa dukani kwa njia hiyo ilikuwa paketi ya ubani wa kutafuna, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Kutoka ubani mpaka koltani ya Kisengo si safari fupi.

Je, wizi waonekanaje katika namba? Namba ikitoka mgodini isifike ghalani, mfuko umepotea njiani, na yajulikana ni kati ya mahali gani na gani. Namba moja ikitokea mara mbili, mojawapo ni ya uongo. Mfuko uliopimwa kilo 50 ukifika na kilo 70, kuna mtu aliyeongeza mawe ya kwingine. Na kama shimo lenye watu kumi latoa mifuko ya watu mia, basi si shimo linalotoa, bali barabara. Mambo haya yote yaweza kuonekana na mtu aliyeketi mbali, asiyejua hata rangi ya kasiterite, mradi tu buku ni la kweli.

Hapo ndipo penye mwiba. Wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa waliandika zaidi ya mara moja kwamba etiketi zenyewe ziliuzwa kwa siri, zikafungwa katika mifuko iliyotoka kwenye machimbo yasiyoruhusiwa au iliyovuka mpaka usiku. Mwezi Aprili 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti nzito likisema kwamba mpango huu ulikuwa ukisafisha madini machafu, yaani kuyapa jina jema yasilostahili. Wenye mpango walikana. Lakini mwezi Oktoba mwaka ule, umoja wa kampuni zinazochunguza asili ya madini uliutoa mpango katika orodha ya ile uliyoitambua.

Tufikirie jambo hili kwa utulivu. Mtumishi aliyefunga etiketi aketi mbali na mji, na mara nyingi mshahara wake wachelewa. Ana mfuko wa vifungo mkononi, na kila kimoja kina thamani ya kuruhusu mawe kupita. Mbele yake yuko mfanya biashara mwenye fedha taslimu. Hatumtetei; amri ya saba ni ya watu wote. Twasema tu kwamba waliotunga mpango walimwekea mwizi wa mawe mtego mzuri, lakini kwa mtu wa nyundo, yule ambaye mafundi wa London walimkumbuka mwaka 1478, hawakuweka ulinzi wa kutosha. Na gharama za mpango, ambazo zalipwa kwa kadiri ya uzito wa madini, zaanguka kwa urahisi juu ya yule wa mwisho katika mstari, maana mnunuzi huzitoa katika bei. Mchimbaji alipa namba, wala hana buku nyumbani kwake la kumwonyesha namba ile ilikwenda wapi.

Kwa shaba na kobalti za Haut-Katanga na Lualaba mambo ni tofauti kidogo. Mabamba ya shaba yafungwa kwa mafungu, kila fungu na namba yake, na makamyo yaendayo Kasumbalesa yatiwa lakiri mlangoni. Mengi yana chombo kinachopeleka habari kwa satelaiti mahali gari lilipo. Hata hivyo kamyo huibiwa njiani kuelekea bandari za kusini, na wezi waliokwisha kujifunza hutafuta kwanza chombo kile na kukikata. Yakisha kuyeyushwa, mabamba yale ni kama waya za miaka ya 1990.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengine wakaacha kutazama mfuko, wakatazama jiwe. Taasisi ya jiolojia ya serikali ya Ujerumani, BGR, iliyo mjini Hannover, ilianza kazi hii mwaka 2006. Waligundua kwamba koltani ya kila mgodi ina mchanganyiko wake wa madini madogo madogo, na umri wake katika miamba, kama vile kidole cha mtu kilivyo na mistari yake. Mfuko ukiletwa na etiketi isemayo Kisengo, wao huchukua punje chache, huzipima kwa mashine, na huzilinganisha na punje za Kisengo walizo nazo. Punje zikikataa, etiketi imesema uongo. Ni kazi ya gharama na ya siku nyingi, haiwezekani kwa kila mfuko. Yafaa kwa kupima pale penye mashaka. Na hata wao hawawezi kusema neno kama hawana kwanza sampuli iliyotoka katika mgodi unaotajwa, ambayo mtu alikwenda kuichukua shimoni mwenyewe, akaandika juu ya kifuko chake siku, mahali na namba.